Kilio cha Difu

Mpenzi msomaji, hebu simama stejini uwaulize madereva kumi swali moja tu: "Oili ya injini ulibadilisha lini?" Tisa watakujibu papo hapo, na wa kumi ataangalia kile kikaratasi ambacho fundi alikining'iniza karibu na usukani. Sasa waulize la pili: "Na ya difu je?" Utawaona watu wazima na ndevu zao wakikuna vichwa. Mmoja atasema hiyo ilikuwa kazi ya mwenye gari wa kwanza. Mwingine ataapa kwamba oili ya difu haibadilishwi tangu gari lizaliwe hadi life. Mchezo huu nimeufanya mara nyingi nikingojea matatu ya kunipeleka shuleni, na hadi leo sijampata dereva wa kunitajia tarehe.

Wala sishangai. Injini ni mtoto wa kudeka. Ina kijiti cha kupimia oili, ina taa nyekundu ya kuwaka oili ikipungua, na ikipuuzwa sana inatoa moshi ambao hata kipofu ataunusa. Difu haina kijiti, haina taa, haina pampu wala chujio. Imefungiwa gizani chini ya gari, inapigwa na mawe na matope, na hakuna anayeijulia hali. Ni kama punda wa kubeba maji: anaenda tu kimya kimya, na siku akianguka ndipo watu wanaulizana amekula lini.

Kama hujawahi kuiona, chuchumaa nyuma ya pikapu au matatu yoyote ya abiria kumi na wanne. Kati ya magurudumu mawili ya nyuma utaona kitu cha mviringo kama boga lililotungwa kwenye fimbo. Hiyo ndiyo difu. (Usiitafute kwenye gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, hilo limeificha huko huko mbele, pamoja na gia boksi.) Kazi yake nilieleweshwa kwa mfano wa gwaride, na sijaona mfano bora. Skauti wanapokata kona wakiwa mstari mmoja, aliye ndani anapigapiga miguu karibu pale pale, na aliye nje anakaribia kukimbia ili mstari usipinde. Magurudumu ya gari ni vivyo hivyo. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburutwa kila kona na tairi lingeisha upesi. Difu ndiyo inayoliruhusu hili likimbie na lile lipunguze, huku yote mawili yakisukumwa na injini moja. Fundi wa saa wa Kifaransa, Onésiphore Pecqueur, alipata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke. Fundi wa saa jamani! Mimi nilidhani lazima awe fundi wa reli.

Lakini tuje kwenye oili, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nguvu ya injini huja nyuma kupitia kile chuma kirefu cha propela. Ikifika kwenye difu hukata kona: gia ndogo iitwayo pinioni inazungusha gia kubwa ya duara ambayo mafundi huiita kraunwili. Katika magari mengi, pinioni haikukaa katikati ya kraunwili. Imeteremshwa chini kidogo, ili propela nayo ikae chini na gari lisiwe na mgongo katikati. Mpango huo ulianza kuingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1926, kwa magari ya Packard kule Marekani. Ni mpango mzuri, ila una gharama yake. Meno ya gia hizo hayagusani na kuachana tu. Yanatelezeana huku yamebanana kwa nguvu nyingi mno. Oili ya kawaida ikiwekwa hapo hukamuliwa ikatoka, na chuma kinabaki kusaga chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa dawa za salfa na fosforasi, ambazo hushika kwenye chuma na kufanya utando wa kukilinda. Ukiinusa utajua. Inanuka kama yai viza lililokaangwa na vitunguu saumu, na nikikupa mkono siku ya kazi hiyo, utanikimbia.

Haya sikuyapata darasani. Nyumbani kwetu, upande wa Molo, kuna pikapu aina ya Toyota Hilux iliyonizidi umri. Baba huitumia kubeba viazi kutoka mashambani hadi sokoni Nakuru, kupitia Elburgon na Njoro. Pikapu hiyo ndiyo shamba letu, ndiyo duka letu. Ikilala siku tatu, sisi pia karibu tunalala hivyo hivyo.

Mwaka 2024 mvua ya masika ilinyesha kana kwamba inalipiza kisasi. Msomaji utakumbuka maafa ya Mai Mahiu ya tarehe 29 Aprili, ambapo maji yalishuka usiku na kuwaua makumi ya watu. Utakumbuka pia kwamba sisi wanafunzi tuliokuwa turudi shuleni tarehe hiyo hiyo tuliambiwa tungoje, tukangoja, hata tukafungua Mei 13. Huku kwetu hatukufikwa na makubwa kama hayo, lakini kijito kilicho kati ya mashamba na barabara ya lami kiligeuka mto. Mapema mwezi wa Aprili baba alikuwa akikivuka na mzigo asubuhi na jioni, maji yakipanda hadi juu ya vitovu vya magurudumu. Angefanyaje? Viazi havingoji mvua iishe.

Baada ya wiki chache ndipo kilio kikaanza. Hakikuwa kelele ya kugonga. Ilikuwa sauti ya kuvuta, "uuuuu," kutoka nyuma, kama mbwa aliyefungiwa nje usiku. Gari likifika kilomita sitini kwa saa ilianza, likifika themanini ilipanda. Baba akiinua mguu kwenye mafuta, sauti ilibadilika, akikanyaga tena inarudi. Baadaye nilielezwa kwamba hiyo ni dalili mojawapo. Sauti inayofuata mguu wa dereva mara nyingi hutoka kwenye gia za difu, na ile isiyojali mguu, inayofuata mwendo wa gari tu, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Nasema mara nyingi kwa sababu sauti hudanganya. Inasafiri kwenye vyuma ikatokea mahali ambapo haikuzaliwa.

Baba alilipeleka gari kwa fundi mmoja mjini, ambaye sitamtaja. Bwana huyo hakuinama. Alilizungusha gari mara moja, akarudi, akazima injini, akatoa hukumu: "Mzee, hii difu imekufa. Leta ingine, nitakutafutia ya Japani, iko safi." Bei aliyotaja ilikaribia karo ya mwaka mzima ya kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Baba alirudi nyumbani uso umemparama. Usiku ule niliwasikia yeye na mama wakinong'ona jikoni, na neno nililolisikia mara kwa mara lilikuwa ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa chakula changu cha mchana shuleni. Sisi wa shule ya kutwa watu hudhani hatulipi kitu, lakini asiyelipa chakula hukaa nje ya foleni wenzake wakila githeri, hilo kila msomaji wa gazeti hili analijua. Sikulala vizuri.

Ni mama aliyesema, "Kabla ya kumwita mnunuzi, mwite ndugu yangu." Mjomba huyu hutengeneza matrekta huko Njoro kwenye mashamba ya ngano. Si mtu wa maneno mengi. Alifika Jumamosi, tarehe 4 Mei, vyombo vyake vimo guniani, akakataa hata chai.

"Shemeji, huyo fundi wako alifungua plagi?"

"Hapana."

"Alitia kidole?"

"Kidole! Hata chini ya gari hakuingia."

"Basi ng'ombe akae zizini kwanza. Daktari gani huyu anakata mguu bila kuvua kiatu?"

Kwanza alimwagiza baba aendeshe gari hadi barabarani na kurudi, ili oili ipate joto na takataka zichangamke zisilale chini. Kisha akatafuta mahali tambarare, tena kwa makini, akiweka chupa ya maji ubavuni kwenye sakafu ya pikapu na kuitazama. Gari likiinama, oili nayo inaegemea upande mmoja, na utakachopima ni uongo. Kwa sababu hiyo hiyo alikataa jeki. Ukiinua nyuma tu umeshaharibu kipimo, na zaidi ya hayo jeki si rafiki wa mtu aliyelala chini. Pikapu yetu iko juu ya kutosha mtu kutambaa. Akafunga breki ya mkono, akatia gia, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akayapiga teke moja moja kuhakikisha. Kwa gari dogo ambalo lazima liinuliwe, alisema, unainua mbele na nyuma kwa usawa juu ya stendi madhubuti. Ukikosa stendi unaahirisha kazi.

"Mpwa wangu, njoo. Kidole chako ni chembamba kuliko changu."

Mama alisema nilikuwa na nguo za kufua. Mjomba akasema nguo hazina oili, zitangoja. Nikavaa koti kuukuu la baba nikatambaa chini.

Difu ina plagi mbili, yaani nati kubwa mbili zilizoziba matundu. Moja iko ubavuni, karibu nusu ya kimo cha lile boga, nayo ni ya kujazia. Nyingine iko chini kabisa, ya kumwagia. Kabla ya kugusa yoyote tulisugua pembeni yake kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, mpaka chuma kikaonekana. Chembe moja ya mchanga ikianguka ndani haitoki tena. Mimi nilikuwa tayari na karai chini ya plagi ya chini, spana ya 24 mkononi, nikijiona fundi kamili. Mjomba akanizuia.

"Ya juu kwanza. Siku zote, ya juu kwanza."

"Kwani si tunamwaga?"

"Ukimwaga, halafu ya juu ikatae kufunguka, utajazia wapi? Gari litalala hapa hapa, tumbo tupu. Lakini ya juu ikikataa sasa hivi, tumepoteza nini? Oili bado iko ndani, tunaendesha polepole hadi kwa mtu wa kuchomelea."

Msomaji, nimefundishwa kanuni nyingi katika umri wangu huu, lakini hii sitaisahau, maana plagi ya juu ilikataa kweli! Ilikuwa imeshikana kwa kutu, pengine haikuwa imeguswa tangu gari liingie nchini. Mjomba aliinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, akaipiga kofi kwa nyundo ndogo pande zote, akangoja. Akapiga tena. Spana akaivisha bomba refu la maji ili mkono uwe na nguvu, nasi tukalivuta wawili, mimi nikiwa nimelala chali na udongo ukiniingia machoni. Hakuitumia spana ya kurekebisha hata kidogo, kwa kuwa hiyo huzivunja pembe za nati na kuifanya mviringo, kisha hakuna kitakachoishika. Karibu nusu saa ilipita. Ghafla ikasikika "kra!" nami nikadhani tumevunja kitu. Kumbe imekubali.

"Tia kidole. Kikunje kiangalie chini. Oili iko wapi?"

Kipimo cha difu ni hicho, hakuna kingine. Katika gari kama letu oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu la kujazia, yaani ukitia kidole tu unaigusa pale mlangoni. Mimi nilitia kidole, nikakikunja, sikugusa kitu. Nikasukuma zaidi. Ilipofika pingili ya pili ndipo ncha ikalowa. Nilikitoa nikakitazama kwenye mwanga. Nilitarajia rangi ya asali au hata nyeusi. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Baba alipiga magoti kando ya gurudumu akakiangalia kidole changu kwa muda mrefu. "Maji," akasema. Mjomba hakujibu. Akafungua plagi ya chini, na chai hiyo ikamwagika karaini, nzito, ikifanya mapovu.

Sasa ndipo ng'ombe wetu alipohukumiwa hasa. Plagi ya chini ilikuwa na sumaku ndogo kwenye ncha yake, iliyokusanya kila kilichosagika humo ndani. Mjomba aliifuta kwa kitambaa cheupe, akasugua ule uji wa kijivu kati ya vidole viwili. Uji laini kama dawa ya viatu ni kawaida, kila difu inao. Vipande vyenye pembe, vinavyokwaruza vidole, ni habari nyingine. Na ukikuta kipande cha jino la gia, usijaze oili, usiendeshe, maana hapo fundi wa mjini atakuwa amesema kweli. Sisi tulipata uji mwingi, na ndani yake vijichuma viwili vyembamba kama kucha iliyokatwa. Jino halikuwapo. Tukachuja oili yote kwenye kipande cha neti ya mbu, tukatazama tena. Hakuna jino.

"Itapona?" baba akauliza.

"Shemeji, mimi sikudanganyi. Oili haiotoi chuma kilichokwisha kulika. Pengine beringi imekwaruzwa, pengine gia zimeanza kulika. Lakini zinalia kwa njaa, hazijafa. Tuzilishe kwanza."

Halafu akaanza kutafuta maji yaliingiaje, na hapo ndipo nilipomheshimu kupita mafundi wote. Wengine wangejaza oili wakalipwa wakaenda. Yeye alipapasa juu ya ekseli akapata kijichuma kidogo chenye kofia, ukubwa wa ncha ya kidole. Ni kitundu cha kupumulia. Difu ikipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea hapo. Ikipoa, hewa husinyaa na nyingine kuingia. Hii ni fizikia ile ile ya gesi na joto tuliyofundishwa na tukailalia. Cha kwetu kilikuwa kimezibwa na matope yaliyokauka kama saruji. Basi fikiria: gari limetoka safari, difu ina moto, kitundu kimeziba, hewa inatafuta pa kutokea, inaisukuma oili nje kupitia sili za pembeni. Kisha gari linaingia kwenye kijito baridi. Difu inapoa mara moja, hewa inasinyaa na kuvuta kwa nguvu, na kilicho jirani ni maji. Oili inatoka kwenda, maji yanaingia kurudi, kupitia njia zile zile. Fundi wa mjini alitaka kutuuzia difu nzima, na hiyo mpya ingefungwa juu ya ekseli yenye kitundu kilichoziba. Ingekunywa maji kama hii.

Mjomba alikifungua, akakiosha, akakipuliza mpaka kikapitisha hewa. Baadaye alikiunganisha na mpira mwembamba uliopanda hadi chini ya sakafu ya kubebea mizigo, ambako maji ya kijito hayafiki.

Oili tulienda kuinunua mimi na baba. Muuzaji alitupa ya injini. "Oili ni oili, mzee." Baba karibu alipe. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye kiganja: 80W-90, GL-5. Hiyo GL-5 ndiyo inayoonyesha kwamba ina zile dawa za kutosha kwa meno yanayotelezeana. GL-4 ina dawa kidogo, inafaa gia boksi nyingi. Wala usijisifu ukaitia GL-5 kwenye gia boksi pia, kwa sababu katika nyingine dawa hizo kali hudhuru zile pete za shaba nyekundu na njano. Kuna difu nyingine za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure kwenye matope, ambazo hudai oili yenye dawa yao maalumu; kitabu cha gari husema. Na jambo moja lilinishangaza: namba 90 ya oili ya gia haina maana kwamba ni nzito mara mbili ya oili ya injini ya namba 40. Vipimo ni viwili tofauti, na kwa uzito hizo mbili zinakaribiana. Muuzaji alibisha. Nilimwachia.

Kujaza nako kuna ujanja, kwa vile tundu liko ubavuni na chupa haiwezi kupinduliwa hapo. Wengine wana pampu ya mkono. Sisi tulifunga plagi ya chini, ikiwa na pete yake mpya ya kuzuia kuvuja, tukaiweka faneli juu ya sakafu ya pikapu, na mpira wa maji uliooshwa na kukaushwa ukashuka hadi ndani ya tundu. Chupa zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi, kwani oili baridi hushuka kama uji wa jana. Mjomba hakuhesabu lita. Difu kama yetu hula lita mbili hivi, nyingine zaidi, lakini mwamuzi ni tundu. Ilipoanza kumwagika tulisimama tukangoja. Kwanza ilitiririka kama kamba, ikawa uzi, ikawa matone. Ndipo plagi ya juu ikarudishwa. Ukiifunga kabla haijaacha kumwagika umejaza kupita kiasi, na ile ziada ikipata moto itasukuma sili na kupaka breki za nyuma. Gari lenye oili kwenye breki, na viazi gunia ishirini, kwenye mteremko! Heri kilio cha difu.

Oili ile ya kwanza ilikuwa ya kusuuza tu. Baba aliendesha bila mzigo kwa wiki moja, na Jumamosi ya Mei 11 tukaimwaga. Ilitoka na ukungu kidogo, kama maji ya mchele. Plagi ya juu safari hii ilifunguka bila bomba. Tukajaza nyingine. Jumatatu nikarudi shuleni kucha zangu zikinuka salfa, na jirani yangu darasani akaomba kuhamishwa dawati.

Je, kilio kiliisha? Hakikuisha chote. Kati ya sabini na themanini bado inanung'unika, hasa ikipanda mlima na mzigo. Mjomba alikuja akasikiliza, akasema kovu ni kovu. Siku moja gia hizo zitadai kubadilishwa, na baba ameanza kuweka akiba kidogo kidogo kwa siku hiyo. Lakini pikapu imebeba viazi tangu wakati huo bila kulala. Kaka yangu alimaliza kidato cha nne. Ng'ombe alizaa ndama dume, jambo ambalo lilimuudhi mama kwa kuwa alitaka jike.

Kilichobaki ni ubishi wa ile oili chafu. Jirani alikuja na mkebe, anataka kuipaka nguzo za ua mchwa wasizile, kama ambavyo babu zetu walifanya. Mjomba alikataa, akasema kisima chetu kiko hatua thelathini kutoka ua huo, na kilichomwagwa ardhini hakijui mpaka wa shamba. Jirani aliondoka amenuna, na akamwambia mama kwamba siku hizi nyumba yetu ina maprofesa wengi. Oili iliwekwa kwenye jerikeni ikapelekwa mjini kwa watu wanaoikusanya. Siku hizi mimi ndiye mwenye daftari la difu: tarehe, kilomita, rangi, na kidole kilifika wapi. Kila baba akivuka maji ya juu ya vitovu, Jumamosi inayofuata nachukua spana ya 24 na brashi ya waya. Mara ya mwisho niliandika: rangi ya asali, mlangoni kabisa.